Vikundi vya vijana wa Kiyahudi vinaleaje viongozi? Tunataka kuiga mfumo kwenye klabu ya sekondari, Mbeya

Mlezi_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Tuna klabu ya wanafunzi kwenye sekondari ya kata huku Uyole, wanachama 46, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwenye katiba kuna mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina. Kwa vitendo mwalimu mlezi ndiye anayepanga kila kitu, na viongozi kazi yao ni kupiga filimbi na kuandika majina ya wapiga kelele. Uchaguzi ni mara moja kwa mwaka na anashinda mchekeshaji.

Nimesoma kidogo kuhusu vikundi vya vijana wa Kiyahudi, hasa Marekani, ambako watoto wa miaka 15 au 16 wanaendesha vikao, bajeti na makongamano yao wenyewe, na kijana anayeanza hana cha kusema anatoka pale amekomaa. Maswali yangu:

1. Muundo ukoje hasa, nani anafanya nini?
2. Mtu mzima anakaa wapi?
3. Kipi kinaweza kuhamia huku bila kugusa dini ya mtu? Wetu ni mchanganyiko: Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, Waislamu.
4. Fedha ni kidogo sana.

Naomba majibu ya vitendo. Hotuba za "vijana ni taifa la kesho" tunazo za kutosha.

---

Kipengere

Ndaga mwalimu, umeuliza swali lenye mipaka. Nachukua la kwanza na la pili.

Tenganisha kwanza aina mbili, maana watu huzichanganya. Ipo mitandao ya Marekani inayofanya kazi kwa tawi na kamati. Mkubwa ni BBYO: upande wa wavulana, AZA, ulianza Omaha, Nebraska, mwaka 1924, wa wasichana, BBG, mwaka 1944. Ipo na ya madhehebu ya Kiyahudi: NFTY ya Wareform (1939), USY ya Wakonservativu (1951), NCSY ya Waorthodoksi (1954). Aina ya pili ni harakati kama Hashomer Hatzair (1913), Bnei Akiva (1929) na Habonim (London, 1929), ambako kijana wa miaka 16 anakabidhiwa kundi la watoto wadogo awalee. Aina ya kwanza inamfundisha kijana kuendesha chombo, ya pili inamfundisha kubeba watu. Klabu yako inahitaji zote, lakini anza na vyeo, maana ndipo palipooza.

Tawi la AZA huwa na kamati ya watu sita hivi, wote wanafunzi wa sekondari. Mwenyekiti anaendesha vikao. Makamu ndiye mwenye ratiba ya shughuli zote. Wa tatu anashughulika na wanachama wapya: kuwaleta, kuwafundisha, kuhakikisha hawapotei baada ya wiki mbili. Wa nne ana mambo ya dini na huduma kwa jamii. Kisha katibu mwenye mawasiliano na kumbukumbu, na mweka hazina.

Mwangalie makamu. Kwetu makamu ni mtu wa kusubiri mwenyekiti augue. Kwao makamu asipofanya kazi, Jumamosi hakuna shughuli na kila mtu anajua ni nani. Mtazame na huyo wa wanachama wapya: klabu nyingi za shule zinakufa kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kumfuata mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuja mara moja akakaa peke yake dirishani. Kwa hiyo kabla hujagusa uchaguzi, kaa na katiba uandike mbele ya kila cheo: *kitu gani hakitaonekana mwezi huu kama huyu hakufanya kazi?* Cheo kisicho na jibu kifute.

Ratiba yao inapangwa kwa mafungu. AZA wana matano: michezo, huduma kwa jamii, elimu, dini, na burudani. Faida yake ni ya ukaguzi tu. Mwisho wa mwezi makamu anachora safu tano kwenye kaunta buku, anajaza yaliyofanyika, na safu tupu inajionyesha yenyewe. Ninyi badala ya dini wekeni utamaduni au stadi za maisha.

Sasa mtu mzima. Yupo, ana jina, anaitwa mshauri, na mara nyingi ni wa kujitolea. Anashika mambo matatu tu: usalama, sheria, na kuona fedha zinakwendaje. Mengine yote ni ya vijana, hata yakiharibika. Hii ndiyo sehemu inayowashinda walimu wengi, kwa hiyo naieleza kwa vitendo:

Kabla ya kikao, mlezi anakutana na mwenyekiti dakika 20, wanapitia ajenda. Hapo ndipo pa kushauri. Kikao kikianza, mlezi anakaa nyuma ya wanachama, siyo meza ya mbele. Ukikaa mbele, kila swali linakuja kwako kwa macho hata kama limeulizwa kwa mwenyekiti. Ukiulizwa moja kwa moja, mtazame mwenyekiti, usijibu. Vikao vitatu vya kwanza vitakuwa vya aibu, vya kimya na vya vurugu. Usiviokoe. Baada ya kikao, dakika 15 na kamati, maswali matatu: kipi kilikwenda, kipi kilikwama, nani anafanya nini kabla ya Ijumaa. Unaingilia katikati kwa sababu moja tu, kuna mtu anaumia au anadhalilishwa.

Jambo la mwisho kwa leo: awamu fupi. Matawi mengi yanachagua viongozi kila nusu mwaka. Kiongozi mbovu anavumilika miezi minne, na vijana wengi zaidi wanapata zamu. Kwa kalenda yetu, awamu ya kwanza Februari hadi mwisho wa Mei, ya pili Julai hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kidato cha nne wasigombee awamu ya pili, Novemba wana mtihani wa taifa.

---

Mporoto

Mbona mnazunguka mbali hivyo? Skauti wapo, Girl Guides wapo, na Roots & Shoots yenyewe, ule mpango wa vijana wa Jane Goodall, ilianzia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Kwa nini tukakope kwa Wayahudi wa Marekani?

---

Kipengere

Mporoto, hujakosea, na wao walikopa. Hashomer Hatzair ilijengwa juu ya uskauti: vikosi, kambi, kutembea porini, ahadi, sare ya shati la buluu. Kama shule ina kikosi cha Skauti kilicho hai, tumieni hicho. Tofauti ninayoiona ni hii. Skauti ngazi zake zinapandwa kwa stadi na beji, na mkuu wa kikosi ni mtu mzima. Kwenye AZA mkuu wa tawi ni kijana aliyechaguliwa na wenzake, na wenzake wanaweza kumnyima kura awamu ijayo. Kinachoulizwa na mlezi ni uongozi wa kuchaguliwa, kwa hiyo mfano unamfaa.

---

Mama_Kihesa

Kamwene wote. Mwalimu, kuna kitu kwenye jibu la Kipengere kimepita haraka na ndicho kikubwa kuliko vyote kwa mabinti. BBG ni ya wasichana peke yao. Maana yake mwenyekiti ni msichana, mweka hazina ni msichana, anayebeba viti ni msichana, anayegombana kuhusu bajeti ni msichana. Hakuna cheo kinachomsubiri mvulana. Siku hizi yapo pia matawi ya mchanganyiko, lakini ule mfumo wa pande mbili bado ndio uti wa mgongo.

Klabu zetu za mchanganyiko zina kawaida inayojulikana kuanzia Iringa mpaka Tunduma: mvulana mwenyekiti, msichana katibu kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Msichana anamaliza kidato cha nne akiwa amejua kuandika muhtasari wa maneno ya wengine.

Huwezi kugawa klabu ya watu 46 mara mbili, ni ndogo. Fanyeni hivi. Kila wiki ya nne, wasichana na wavulana wakutane vyumba tofauti, kila upande ukiwa na mwenyekiti wake wa kikao, na ajenda iwe ile ile pande zote. Kisha warudi pamoja na kila upande utoe azimio lake. Mtashangaa maazimio yanavyotofautiana. Suala la vyoo, la kurudi nyumbani jioni, la nani anatumwa kuchota maji siku ya shughuli, haliibuki kwenye kikao cha pamoja hata siku moja.

Kwenye uchaguzi weka kanuni ya kupokezana kwa uenyekiti: awamu hii akiwa mvulana, awamu ijayo wagombea wawe wasichana tu. Wavulana watalalamika awamu ya kwanza. Ya tatu hawakumbuki kama kulikuwa na namna nyingine. Na usiweke "makamu awe wa jinsia tofauti" halafu ukaridhika, hiyo ndiyo njia ya kuwafungia wasichana kwenye umakamu milele.

---

Siku_ya_Maandalio

Swali la tatu, kuhusu dini, nalichukua mimi. Nianze na la kukataza: msiige ibada. Jumamosi usiku vikundi vyao hufunga Sabato kwa mshumaa wa kusokotwa wenye tambi kadhaa, kikombe cha divai na viungo vya kunusa, wote wamesimama duara. Ni nzuri kuitazama na utakuta watu wanaitamani. Ni ibada ya watu, siyo mchezo wa kuchangamsha semina. Mkitaka duara la kufunga siku, fungeni kwa wimbo wenu.

Cha kuchukua ni kile Sabato inachowafanyia viongozi vijana. Vikundi vinavyoishika kwa ukamilifu, kama Bnei Akiva na NCSY, kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka nyota zionekane Jumamosi hawaandiki, hawapiki, hawagusi simu wala fedha, hawawashi taa. Na semina zao nyingi kubwa zinawekwa humo humo. Fikiria binti wa miaka 16 anayeongoza shughuli ya watu 30 katika saa hizo. Hawezi kuandika ubaoni. Hawezi kumpigia mtu kumuuliza amefika wapi. Hata kipande cha soltepu hakati. Kila kadi imeandikwa, imekatwa na kuhesabiwa Ijumaa mchana, la sivyo haipo. Wasabato wa Mbeya wanaijua hii vizuri, ndiyo siku yao ya maandalio.

Kwa klabu isiyo ya dini moja, chukueni sheria ya maandalio peke yake. Jumamosi moja kwa awamu iwe ya bila simu na bila ubao. Vifaa vyote viingie kwenye boksi moja na kukabidhiwa Ijumaa saa 10 jioni, juu pamebandikwa orodha: kadi 46, kalamu 15, manila 4, makapeni 4, kamba mita 10, saa ya ukutani moja. Kisichomo hakitumiki. Mahali panapoharibika ni pale mlezi anapomhurumia aliyesahau, akatuma mtoto mbio dukani Mwanjelwa Jumamosi asubuhi. Ukifanya hivyo mara moja, Ijumaa haina tena maana kwa yeyote.

La pili la kuchukua ni namna harakati zao zinavyoandaa kipindi. Wanakiita *peula*. Kiongozi kijana haingii kwa watoto bila karatasi moja yenye lengo, ufunguzi, kiini na hitimisho, na mwenzake mkubwa kidogo ameipitia siku mbili tatu kabla. Kwa dakika 60 gawanyeni hivi: ufunguzi 10, kiini 35, hitimisho 15.

Lengo liandikwe kwa kitenzi unachoweza kukishuhudia. "Wanachama waelewe uaminifu" halifai. "Kila mmoja ataje hali moja ambayo angeshawishika kuibia mtihani, na aseme angefanya nini" linafaa. Ufunguzi uwe kitendo, siyo maelezo: kwa mfano, jaribio la maswali matano ambalo majibu yake yamebandikwa nyuma ya mlango, mtu akitaka ayaone. Kiini ni mjadala wa makundi ya watu watano watano juu ya walichofanya wenyewe dakika chache zilizopita. Hitimisho ni kila mtu sentensi moja.

Makosa yanayojirudia: kiini kinakula hitimisho, hivyo watoto wanaondoka wamecheza tu. Dawa ni kuongoza wawili wawili, mmoja anaendesha na mwingine ana saa, na mwenye saa ana mamlaka ya kukata. Kosa lingine, kiongozi anajibu maswali yake mwenyewe akiona kimya. Ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno.

Kwa idadi yenu: kama kidato cha kwanza na cha pili ni kama 28, gawanya makundi matatu ya watu tisa hadi kumi, kila kundi viongozi wawili wa kidato cha tatu. Sita wanapata kazi halisi ambayo siyo cheo cha kuchaguliwa. Hawa ndio watakaogombea mwakani, na wapiga kura watakuwa tayari wamewaona wakifanya kazi. Mchekeshaji atapata mpinzani.

---

Nidhamu_bila_fimbo

Naongeza kitu ambacho hakimo kwenye vikundi vya Marekani ila kimetoka kwa Myahudi aliyefikiria sana juu ya watoto kujiongoza: Janusz Korczak, daktari wa Warsaw, Poland. Alianza kuongoza kituo cha yatima cha Kiyahudi pale mwaka 1912. Watoto walikuwa na bunge lao, na mahakama yao. Agosti 1942 Wanazi waliwapeleka kambi ya mauaji ya Treblinka yeye na watoto karibu 200. Alikuwa amepewa nafasi za kujiokoa na alikataa kuwaacha.

Kuhusu mahakama, maana mlezi amesema viongozi wake kazi yao ni kuandika wapiga kelele. Kwa Korczak mtoto yeyote angeweza kumshtaki mtoto mwingine au mfanyakazi. Yeye mwenyewe alishtakiwa. Waamuzi watano walipatikana kwa kura ya bahati kutoka kwa wale ambao wiki hiyo hawakuwa na kesi. Vifungu vilifika namba 1000, lakini 99 vya mwanzo vyote vilikuwa vya kusamehe au kufuta shauri kwa sababu mbalimbali. Lawama zilianzia 100 na kupanda kwa mamia, na 1000 ilikuwa kufukuzwa. Yaani mwamuzi alilazimika kupita sababu 99 za kusamehe kabla hajafika kwenye lawama.

Kwenye klabu ninyi hamuhitaji vifungu vingi hivyo. Andikeni kumi: sita vya kusamehe (hakujua, alichokozwa, ameomba radhi, amerudisha, ni mara ya kwanza, mlalamikaji naye ana sehemu), vitatu vya onyo na fidia, kimoja cha kusimamishwa hadi mwisho wa awamu. Kikao kiwe cha wiki, dakika 25, kesi zisizidi tatu. Mlalamikaji aandike mwenyewe kwenye daftari angalau siku moja kabla. Nusu ya kesi zitafutwa usiku huo huo na wenye nazo, hasira ikishatulia.

Mpaka uwekwe wazi na uandikwe ukutani. Kupigana hadi kuumizana, udhalilishaji wa kijinsia, dawa za kulevya na wizi mkubwa havisikilizwi na watoto kabisa. Hayo ni ya mlezi na mkuu wa shule siku hiyo hiyo, na yakihusu ukatili ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto asilazimishwe kusimulia jambo la namna hiyo mbele ya wenzake.

Na kiranja asiye mwamuzi asiwe na mamlaka ya kuadhibu. Ukiacha filimbi na daftari la majina viendelee pembeni, mahakama itakufa wiki ya tatu.

---

Mlezi_Uyole

Asanteni sana, nimechapisha yote. Yamebaki mawili. Uchaguzi wenyewe unaendeshwaje ili usigeuke mashindano ya umaarufu? Na fedha: ada yetu ni shilingi 500 kwa mwezi, wote wakilipa ni 23,000, lakini kwa kawaida hawavuki 30, yaani 15,000. Nataka siku moja ya mafunzo kwa kamati mpya na viongozi wa makundi pamoja na wanachama wengine, jumla 40, mwezi wa sita kabla ya kufunga.

---

Mama_Kihesa

Uchaguzi, mwalimu. Vyeo vipigiwe kimoja kimoja kuanzia uenyekiti kushuka, siyo vyote kwa karatasi moja. Aliyeshindwa uenyekiti anaruhusiwa kugombea kinachofuata papo hapo. Hii inaokoa watu wazuri: ukipiga vyote kwa pamoja, wawili bora wanagombea cheo kimoja na mmoja anapotea kabisa.

Kila mgombea asimame dakika mbili za hotuba, kisha maswali mawili yale yale kwa wote, wakati wenzake wakiwa nje wasisikie. Maswali yatoke kwenye kazi. Kwa makamu: "Ijumaa jioni mgeni mliyemwalika ameghairi, Jumamosi saa nne watu 40 wanakuja, utafanya nini?" Mchekeshaji anaweza kujibu hilo vizuri, na akijibu vizuri anastahili. Baada ya hapo kila mgombea akiwa nje, wanachama wapewe dakika tatu kumzungumzia kwa kanuni moja: unasema ulichoona akifanya, hausemi alivyo. Mwendesha kikao amkate anayekiuka. Mkiona hamuwezi kuilinda kanuni hiyo, rukeni hatua hii kabisa, maana inaweza kumuumiza mtoto kuliko faida yake.

Karatasi za kura: A4 moja inatoa nane, vyeo sita kama vya AZA kwa watu 46 ni kura 276, kwa hiyo karatasi 35 zinatosha, na sita za akiba kama kura ya cheo kimoja itarudiwa. Wahesabu wawe wawili wa kidato cha nne wasiogombea, mlezi anashuhudia. Tangazeni mshindi bila idadi. Aliyepata kura tatu hana haja ya kuishi nazo mpaka mwisho wa mwaka.

Makabidhiano yafanyike siku saba baada ya uchaguzi, kamati ya zamani na mpya pamoja, cheo kwa cheo, kila mmoja na kaunta buku yake. Kule BBYO wanaomaliza sekondari hutoa hotuba ya kuaga ndefu, ya binafsi, na wadogo wanaisikiliza kwa kimya. Kwetu wapeni kidato cha nne dakika tano kila mmoja mwezi wa Septemba. Msiwaandikie.

---

Rungwe_Juu

Nje kidogo ya mada, ila kwa anayetaka mfano wa karibu na nyumbani: Rwanda kuna kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, Rwamagana, kilichofunguliwa 2008 na Anne Heyman kwa ajili ya yatima baada ya mauaji ya kimbari, kwa kufuata mfano wa vijiji vya vijana vya Israel, hasa Yemin Orde. Vijana wanaishi kwa familia, kila nyumba na mama yake. Na Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, na miaka ya 1980 ni vijana walioisimamisha tena. Kwa hiyo mambo haya hayakai Marekani peke yake.

---

Sanduku_Makambako

Fedha. Tumieni sanduku la kufuli tatu kama la vikundi vya hisa. Funguo: mweka hazina moja, mwanachama wa kawaida aliyepigiwa kura ya bahati moja, mlezi moja. Sanduku likae ofisini kwa mkuu wa shule. Linafunguliwa mbele ya kikao tu, fedha inahesabiwa kwa sauti na wanachama wawili tofauti, na kiasi kinaandikwa na kusomwa kabla halijafungwa. Fedha ya klabu isipite kwenye simu ya mwalimu hata kwa nia njema, ikichanganyika na ya kwake hakuna atakayeamini hesabu. Kila shilingi iliyotoka iwe na risiti. Kwa mama muuza mchicha asiye na risiti, mweka hazina anaandika karatasi na muuzaji anaweka sahihi.

Mweka hazina asiwe mtunza fedha tu. Mpe kazi ya kuandaa bajeti na kuitetea mbele ya wanachama, na wawe na haki ya kuikataa. Bajeti iliyokataliwa mara moja inamfundisha hesabu kuliko kipindi kizima darasani.

Kwenye kambi za Habonim Dror, Habonim ile ile aliyoitaja Kipengere, wana kitu wanaita *kupa*: vitu na fedha za matumizi vinawekwa pamoja, kundi linaamua. Kwa siku yako ya watu 40 fanya hivyo kwa chakula. Usichangishe fedha mwezi wa sita. Mahindi na maharage yako majumbani. Kila mmoja alete nusu lita ya mahindi yaliyokobolewa na robo lita ya maharage, itazidi. Makande ya watu 40 yanataka kilo 6 za mahindi na kilo 3 za maharage kavu, mafuta lita moja, vitunguu kilo 2, nyanya kilo 2, chumvi. Chai ya rangi lita 10, sukari kilo moja, majani gramu 100 hazifiki kwisha. Fedha taslimu itakuwa mafuta, sukari, majani, vitunguu, nyanya na kuni.

Maharage na mahindi yalowekwe Ijumaa usiku, na hili liwe kwenye orodha ya boksi ya ndugu wa Siku ya Maandalio. Huko kwenu ni karibu mita 1,700 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, maharage yasiyolowekwa mtayasubiri mpaka alasiri. Moto uwashwe saa 12 asubuhi kwa chakula cha saa 7. Na ratiba ya asubuhi ipangwe ndani: Juni Uyole baridi yake haimruhusu mtoto kukaa duara kwenye nyasi zenye umande saa mbili. Michezo iwe kuanzia saa tano.